Bambo

Nalichoma gunia ubavuni, si mdomoni.
Mdomoni kila gunia ni bibi harusi:
huko ndiko wanakopanga weupe,
punje nene, zilizochaguliwa kwa macho ya wageni.
Mimi nataka tumbo.
Bambo likizama hutoa mlio mdogo,
kama wa mtu aliyeambiwa habari asiyoitaka,
kisha ufuta unanitiririkia kiganjani
na tundu linajifumba, nyuzi zikirudiana.

Miaka kumi na moja, ghala hili hili la Gofu.
Kwanza pua. Uvundo haufichiki:
ufuta ulionyeshewa Kilindi
unanuka kanga iliyosahauliwa ndooni.
Halafu jino. Punje iliyokomaa hupasuka mara moja,
mafuta yakaja ulimini, matamu,
na nyuma yake kauchungu kadogo.
Usipokapata hako kauchungu, uliza ni wa mwaka gani.
Halafu mizani ya Shekiondo, ndogo, yenye wivu,
inayohesabu hata pumzi yangu.
Basi nabana pumzi.
Kipima unyevu kinasema sita nukta mbili.
Sikikatai. Lakini nazamisha mkono hadi kiwiko,
maana mkono hauishiwi betri.

Mnunuzi hatumjui. Yuko ng'ambo,
anaogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia,
kwa hiyo amekodi macho yangu,
kwa siku, bila chai.

Gunia la arobaini na moja.
Muhuri wa chama cha msingi, namba kwa rangi ya buluu,
na pembeni, kwa mkaa: MWAJABU S.
Juu safi.
Katikati safi.
Chini, bambo likakwaruza.

Nikatia konzi moja kwenye bilauri ya maji, nikakoroga.
Ufuta ukazunguka, ukasitasita,
lakini mchanga haujui kusubiri. Ukashuka.
Mwekundu.
Sikuhitaji kusoma stakabadhi:
Kwediboma, au jirani yake wa mlango.
Sisi wa Tanga mjini hatuna wekundu huo.

Mwenyewe alikuwa nje, kaja na lori usiku,
kakalia tairi bovu, kandambili mkononi.
"Nilianika chini," akasema, sijamuuliza.
"Turubai liko msibani kwa shemeji yangu.
Watu wamekaa chini yake, wanalia.
Ungekwenda wewe kulidai?"

Fomu haina kisanduku cha msiba.
Ina mawe, mchanga, mapepe, mbegu ngeni,
wadudu wafu, wadudu hai.
Nikaandika: mchanga, mbili nukta nane.
Kalamu haikutetemeka.
Nalisema hilo, na si kwa kujisifu.

Shekiondo akamwazima chekeche kubwa.
Akachekecha pale mlangoni, magunia sita,
kanga kiunoni, hakumlaani mtu,
na vumbi la shamba lake likapanda
likatua juu ya viatu vyangu,
juu ya pikipiki ya meneja,
juu ya fomu.
Nikalipuliza. Likabaki kwenye mikunjo.

Kumbe ndiyo kazi yangu:
kuitoa nchi ndani ya ufuta
kabla haujapanda meli.
Wanataka punje, hawataki mahali ilikotoka.
Meneja angesema hizo ni fikra za njaa,
na kweli sikuwa nimekula.

Saa tisa nikapima tena: sifuri nukta saba.
Nikagonga muhuri. Akauangalia muhuri, si mimi,
akanyoosha kandambili zake, akavaa.
"Chekeche lenu lina tundu kubwa kushoto,"
alimwambia Shekiondo. "Lishoneni."

Jioni, Barabara ya Nane, nikanunua kashata ya ufuta
kwa kijana mwenye sinia.
Jino la nyuma likakwaruza.
Nikasimama katikati ya watu, ulimi ukitafuta.
Asilimia moja, nikakadiria. Moja na robo.
Sikutema.